MALI BILA DAFTARI: FEDHA YA ELIMU YA MAJI KATIKA BONDE LA KILOMBERO



Wazee wetu walinena ya kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Neno hili sisi watu wa kalamu twalipenda, maana laisifu kazi yetu. Lakini latufaa pia katika jambo ambalo wengi wetu hawajalihesabu kuwa ni lao, nalo ni fedha itolewayo na Serikali kwa ajili ya utafiti wa maji. Shauri langu ni hili: kabla fedha hiyo haijalipia safari na vitabu vikubwa, yapasa ilishe kwanza daftari moja dogo, yaani daftari la vipimo vya mto, liandikwalo kila siku pasipo kukatika. Kielelezo changu ni Bonde la Kilombero.

Kila akaaye Ifakara ajua namna bonde hili lilivyo. Mito ya Mnyera, Ruhudji, Mpanga, Kihansi na mingine mingi hushuka kutoka milimani ikakutana huku chini. Na mvua zikikolea mwezi wa Machi na Aprili, mbuga hugeuka kuwa ziwa. Maji hayo ndiyo yaoteshayo mpunga na kuzalisha samaki, na yakizidi ndiyo yabomoayo nyumba. Mwaka wa 2002 mbuga hii, yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 8,000, iliandikwa katika orodha ya mataifa ya ardhi oevu zenye thamani kwa ulimwengu wote, chini ya mkataba wa Ramsar. Tena yakadiriwa ya kuwa kama asilimia 62 ya maji ya Mto Rufiji hutoka Kilombero. Na huko Rufiji limejengwa bwawa la Julius Nyerere, lenye mashine tisa za kutoa umeme wa megawati 2,115, ambalo mashine yake ya kwanza ilianza kazi Februari 2024. Basi mkulima wa Mngeta, mvuvi wa Kivukoni, na mwenye taa yake Dar es Salaam, wote wala katika sahani moja.

Je, maji haya twayajua kwa kiasi gani? Si kwamba hayakutafutiwa habari. Mwaka wa 1929 Bwana A. M. Telford alitoa taarifa yake juu ya kustawisha mabonde ya Rufiji na Kilombero. Kisha, kati ya mwaka wa 1955 na 1960, wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walilipima bonde zima la Rufiji, na mwaka wa 1961 kazi yao ikatolewa katika majuzuu saba. Kumbukumbu za kipimo cha maji cha Swero, katika Mto Kilombero, zaanzia katika miaka ile ile. Zikapita siku nyingi. Wakaja wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bonn, kwa fedha ya Serikali ya Ujerumani, wakafanya hesabu za mto huu kwa kompyuta, na mwaka wa 2018 wakachapisha waliyoyaona. Kazi yao ni njema, wala siilaumu. Lakini tazameni, ndugu zangu: vipimo vya mto walivyovitegemea katika kusahihisha hesabu zao vilikuwa ni vya Swero, vya mwaka wa 1958 hadi 1970. Kompyuta ya karne hii iliazima macho ya msoma kipimo wa karne iliyopita, ambaye jina lake hatulijui, aliyekuwa akienda mtoni kila siku na penseli yake.

Habari hii yatufundisha mambo mawili. La kwanza, kazi ya yule mtu mnyenyekevu imedumu kuliko ofisi nyingi. La pili, taifa lisiloendeleza daftari lake mwenyewe litabaki kila mara kuanza upya, na kila mgeni ajaye atalipwa kwa kutafuta tena lile ambalo lingekuwamo kabatini.

Kwa wale ambao hawajaiona kazi hii, nitaieleza kwa maneno machache. Ubao wenye alama za mita na sentimita husimikwa ukingoni mwa mto. Mtu akaaye karibu huusoma asubuhi na jioni, akaandika. Lakini kina cha maji peke yake si kiasi cha maji. Kwa hiyo mafundi lazima waje mara kwa mara na mashua na chombo cha kupimia mwendo wa maji, wapime wakati wa kiangazi na wakati wa mafuriko, wapate kujua ya kuwa kina fulani ni sawa na mita za ujazo kadha wa kadha kwa sekunde. Tena mto upitao juu ya mchanga hubadili tumbo lake; mafuriko ya mwaka mmoja huweza kuifanya hesabu ya mwaka uliotangulia kuwa ya uongo. Kwa hiyo kazi hii haina mwisho, na siku isiyosomwa hainunuliki tena kwa fedha yo yote.

Hapa ndipo kalamu ya karani iingiapo. Mwaka wetu wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Mwaka wa mto haufuati Hazina: mvua huanza Novemba au Desemba, na maji huwa makuu Machi na Aprili. Sasa fikirini. Makisio hupitishwa Juni. Fedha hugawanywa kwa robo. Hati ya idhini hungoja sahihi. Masurufu ya safari hungoja hati. Na mafuta ya mashua hungoja masurufu. Fedha ikichelewa miezi miwili tu mwanzoni mwa mwaka wa kalenda, mafundi hufika mtoni mwezi wa Juni, mafuriko yamekwisha kupita, nao hupima maji madogo ambayo walikwisha kuyapima mwaka jana. Mwaka ukifungwa, fedha isiyotumika kwa kawaida hurudi Hazina. Mkaguzi wa hesabu akija ataona vitabu vimelingana, senti kwa senti. Hesabu ya shilingi itakuwa safi, na hesabu ya mto itakuwa na shimo palepale palipohitajiwa sana.

Wako watakaosema ya kuwa siku hizi satelaiti zaona kila kitu kutoka angani, kwa nini tusumbuke na ubao? Nawajibu ya kuwa satelaiti zaonyesha vema mahali maji yalipotanda na mahali mvua ilipokuwa. Lakini kiasi cha maji yapitayo katika mto, hesabu zake zataka kulinganishwa na kipimo cha chini, ndipo ziaminiwe. Wataalamu wa Bonn walikuwa nazo hizo picha za angani, na bado walilihitaji daftari la Swero.

Wengine watasema nchi ni maskini. Wakuu wa Afrika walipatana Lagos mwaka wa 1980 ya kuwa kila nchi itenge asilimia moja ya pato lake kwa sayansi na teknolojia, na nchi nyingi hazijafika huko hata leo. Kweli. Lakini msoma kipimo hangoji asilimia moja. Posho yake, ubao wake, na mashua ya mafundi ni gharama ndogo mno mbele ya bwawa lililojengwa kwa zaidi ya shilingi trilioni 6. Mtu anunuaye ng'ombe kwa bei kubwa, kisha akakosa kamba ya kumfungia, hatutasema ya kuwa amekosa mali. Tutasema amekosa mpango.

Wala hatuna haja ya kutafuta mfano ng'ambo. Upo papa hapa Ifakara. Katika miaka ya 1950 Profesa Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara ndogo ya magonjwa ya nchi za joto, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Tangu mwaka wa 1996 wahesabu wake walianza kuzunguka nyumba kwa nyumba katika wilaya za Kilombero na Ulanga, kila miezi minne, wakiandika aliyezaliwa, aliyehama na aliyefariki. Ni kazi ya kuchosha, isiyo na sifa. Lakini vyandarua vyenye dawa vilipoenezwa katika wilaya hizo, daftari hilo ndilo lililowezesha kuonyesha ya kuwa uhai wa watoto wadogo wenye vyandarua ulizidi kwa asilimia 27, na ushahidi huo ukasaidia kuifanya kazi ya vyandarua kuwa ya nchi nzima. Fedha nyingi katika kazi hiyo ilitoka kwa wageni, na hilo ni jambo la kufikiri. Lakini somo lasimama. Elimu ilipata nyumba na ikapata mwendelezo, nayo ikazaa. Maji hayajapata bahati hiyo.

Basi naleta mashauri manne mbele ya wanachama, ili tukiyakubali tuyapeleke kwa wakubwa kwa njia ya heshima.

Kwanza, vipimo vya mito viwe na kasma yao wenyewe katika makisio, isiyochanganywa na uchimbaji wa visima wala ujenzi wa ofisi, na isihamishwe kwenda kazi nyingine.

Pili, fedha ya kupima mafuriko ifike bondeni kabla ya mwisho wa Novemba, kwa mkupuo mmoja, na isigawanywe kwa robo.

Tatu, ada walipayo wenye vibali vya kutumia maji, chini ya sheria ya mwaka wa 2009, sehemu yake itajwe kwa maandishi kuwa ni ya vipimo vya bonde lile lile ilikotoka, nayo Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji itangaze kila mwaka ni siku ngapi zilisomwa na ni ngapi zilipotea.

Nne, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo hutoa vibali vya utafiti, imtake kila mtafiti, mwenyeji na mgeni, aache nakala kamili ya vipimo vyake Ifakara kabla ya kuondoka. Na asimike kipimo pale tu ambapo malipo ya msomaji wake yamekwisha kupangwa kwa miaka itakayofuata.

Na sisi makarani tunao wajibu wetu. Tusiione hati ya mafuta ya mashua kuwa karatasi moja kati ya karatasi. Ikifika mezani mwezi wa Februari, na ipite siku ile ile. Faili la vipimo lisitupwe kwa sababu ni kuukuu na limeliwa na mchwa kidogo, linakiliwe. Na msoma kipimo alipwe kwa wakati, kwani mtu aliyekaa miezi mitano bila posho ataanza kujaza daftari akiwa amekaa barazani, na namba ya uongo ni mbaya kuliko ukurasa mtupu.

Mvua za masika zi karibu kila mwaka kuliko tudhanivyo. Wanachama wenye shauri jingine na waandike. Kurasa hizi ni zetu sote.

Ni mimi mwenzenu katika kazi,
Mwanachama