Mnunuzi akitaja bei, usikimbilie kutupa karata

Sichezi kamari na simshauri mkulima aicheze. Hata hivyo, mchezo wa karata uitwao poka, hasa ule wa Texas Hold'em, una hesabu moja ninayoikumbuka kila msimu wa kuuza mahindi.

Kabla karata hazijagawiwa, wachezaji wawili walio kushoto kwa mgawaji hulazimika kuweka dau. Tuseme mmoja ameweka Sh500 na mwingine Sh1,000. Wengine wakijitoa, aliye kwenye nafasi ya mgawaji hupandisha dau hadi Sh2,500, hata kama karata zake hazina maana. Wale wawili wakiogopa, anazoa Sh1,500 zao. Huo huitwa wizi wa dau, na sheria za mchezo zinauruhusu.

Anahatarisha Sh2,500 ili apate Sh1,500, hivyo akifaulu zaidi ya mara tano kati ya nane, ana faida hata bila karata. Lakini mwenye Sh1,000, mwenzake akishajitoa, anaongeza Sh1,500 tu kugombea Sh5,500. Karata za kushinda mara tatu kati ya kumi zinamtosha.

Mnunuzi anayefika na Fuso kijijini wakati wa mavuno hucheza hivyohivyo. Anataja bei ya chini, anadai lumbesa, kisha anawasha gari. Anajua una deni la mbolea na watoto wanataka sare za shule. Anajua pia kwamba wengi hujitoa.

Wapo wanaokosea upande wa pili: “Nimetumia laki tatu shambani, siuzi chini ya hapo.” Hapana. Dau lililokwisha wekwa si lako tena. Hata mimi chuoni nilichelewa kulielewa hilo. Pima kilichobaki: gharama ya kutunza gunia, dumuzi, riba ya deni, na bei unayotarajia baadaye. Penye ghala lenye leseni, stakabadhi ghalani, mfumo uliotungiwa sheria Tanzania mwaka 2005, inaweza kuwa dhamana ya mkopo, nawe ukapata muda wa kusubiri.

Usiye na ghala, uza magunia ya kulipa deni, mengine yabaki. Mwizi wa dau akipingwa mara nyingi hurudi nyuma. Asiporudi nyuma, huenda karata zake ni za kweli na bei ya mjini imeshuka. Mpigie simu mtu aliyeko sokoni kabla Fuso halijaondoka.