Rufaa Iliyochelewa: Ni Lini Mahakama Husamehe?

Asubuhi moja mzee mkulima wa kahawa alifika ofisini mwetu, amechukua bahasha ya makaratasi iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa ameshindwa mbele ya hakimu katika shauri la madai, naye alitaka kukata rufaa. Nilipotazama tarehe ya hukumu, niliona ya kuwa miezi mitano imekwisha kupita.

"Mzee, mbona umekawia hivi?" nikamwuliza.

"Mwanangu, nilikuwa nikingoja nakala ya hukumu."

Nikamwuliza kama aliiomba kwa barua. Akanyamaza.

Ndugu wasomaji, kimya kama hicho kimewapotezea watu wengi haki zao. Kwa hiyo yafaa tuelewe sheria inavyosema.

Katika Kenya, mtu aliyeshindwa shauri la madai katika mahakama ya hakimu hupewa siku 30 za kupeleka rufaa yake Mahakama Kuu. Katika shauri la jinai siku ni 14 tu. Atokaye Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufaa kwa shauri la madai hana budi kutoa taarifa yake katika siku 14, kisha kuingiza rufaa yenyewe katika siku 60 baada ya taarifa hiyo.

Hata hivyo, sheria haikufunga mlango kabisa. Kifungu cha 79G cha Sheria ya Mwenendo wa Madai chasema ya kuwa rufaa iliyochelewa yaweza kupokelewa, mradi mwenye kuileta aonyeshe sababu njema na ya kutosha. Tena, siku zilizohitajiwa kutayarisha nakala ya amri hazihesabiwi, ikiwa mahakama iliyotoa amri imezithibitisha kwa hati. Na katika mashauri ya jinai, kukosa kupata nakala ya hukumu kwa wakati kumetajwa na sheria yenyewe kuwa sababu njema.

Je, jaji hupima nini? Kwa kawaida hutazama mambo manne: urefu wa muda uliopita, sababu ya kukawia, kama rufaa yaelekea kuwa na nguvu, na hasara itakayompata yule mwingine. Hili la mwisho twalisahau mara nyingi. Jirani aliyeshinda naye ana haki ya kulala usingizi, kwa maana shauri lisilo na mwisho huwamaliza wote wawili.

Mwaka 2014, katika shauri la Nicholas Salat na Tume ya Uchaguzi, Mahakama ya Juu ilieleza ya kuwa kuongezewa muda si haki ya mtu, bali ni hiari ya mahakama, na kwamba mwombaji ndiye apaswaye kueleza kukawia kwake hata mahakama iridhike. Tena ilikataa kuitambua rufaa iliyoingizwa nje ya muda kabla ya kuomba ruhusa. Basi mtu aombe kwanza, wala asijiingilie tu.

Ugonjwa wenye cheti cha daktari husikilizwa. Kosa la wakili husamehewa mara nyingine, lakini mteja huulizwa: wewe mwenyewe ulifuatilia? Bali kusema "sikujua sheria" au "nilisahau" hakumfikishi mtu mbali.

Kwa hiyo, siku ile ile hukumu inaposomwa, andika tarehe yake. Juma lile lile, omba nakala kwa barua, lipa ada, utunze stakabadhi. Kwa rufaa ya kwenda Mahakama ya Rufaa, barua hiyo iandikwe katika siku 30 tangu hukumu, na nakala yake apelekewe mshindani wako. Usipofanya hivyo, siku za kungojea kumbukumbu za shauri hutazitoa katika hesabu. Na ukiona umechelewa, omba ruhusa leo wala usingoje kesho, kwani kila siku inayoongezeka yadai maelezo yake.

Yule mzee alipofungua bahasha yake tulikuta kadi ya hospitali, iliyoonyesha ya kuwa alilazwa miezi miwili. Nilifurahi kwa ajili yake, naye akapeleka ombi. Jaji aliikubali ile miezi miwili bila taabu. Kisha akauliza habari za mitatu iliyobaki. Hapakuwa na barua, wala stakabadhi, wala karatasi yo yote. Ombi likakataliwa.

Mzee alirudi ofisini kunishukuru, jambo lililonihuzunisha zaidi. Labda rufaa yake ilikuwa na haki ndani yake, labda haikuwa nayo. Hakuna atakayejua, maana haikusikilizwa. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Barua moja ya mistari mitatu, iliyoandikwa mapema, huenda ingaliiokoa.