Vigae vya Jiko la Mama

Wengi wetu tunaofanya kazi mijini tuna deni moja lisiloandikwa katika daftari lolote, nalo ni deni la nyumba ya wazazi. Mtu akishapata kazi na kujiwekea akiba kidogo, jambo la kwanza linalomjia moyoni ni kumwezekea baba bati au kumtengenezea mama jiko. Ni jambo jema. Lakini wema unaotumwa kutoka mbali bila kuuliza waweza kumwumiza yule yule unayemtakia heri. Leo naomba niwasimulie kosa nililolifanya mimi mwenyewe, ili fedha zenu zisipotee kama zangu na wazee wetu wasidhurike.

Nyumbani kwetu ni nje kidogo ya mji wa Kibondo, mkoani Kigoma, upande wa barabara iendayo Nduta. Wasomaji wengi walilisikia jina la Nduta mwaka 2015, kambi ya huko ilipofunguliwa tena kuwapokea wakimbizi kutoka Burundi. Ni nchi ya vilima na udongo mwekundu, na masika yake ni marefu. Jiko la mama lilikuwa chumba cha matofali ya kuchoma, chenye sakafu ya saruji iliyokwisha kupasuka na kushika uchafu. Nikiwa Dar es Salaam niliingia dukani, nikaviona vigae vyeupe viking'aa chini ya taa kama kioo. Nikavipenda hapo hapo. Nikalipa, nikavipakiza katika lori, nikatuma na ujira wa fundi. Picha niliyoletewa kwa simu ilionyesha jiko safi kama chumba cha hospitali, nami nikalala usingizi mnono.

Mwezi wa Desemba nilikwenda likizo. Nikakuta sakafu nzima imetandikwa magunia. Nikacheka, nikasema, "Mama, vigae haviishi kwa kukanyagwa. Ondoa magunia haya uyafaidi matunda ya mwanao." Mama akatabasamu tu, akaendelea kuchambua maharage. Ni mdogo wangu aliyeniita nje akanieleza. Mvua za kwanza ziliponyesha, mama aliingia jikoni na ndoo ya maji, miguu ikiwa na matope, akateleza na kuvunjika mkono karibu na kiganja. Walikubaliana nisiambiwe, kwa kuwa mama alisema, "Ametoa jasho lake. Msimvunje moyo."

Nilikaa nje muda mrefu kabla ya kuweza kurudi ndani.

Anza na miguu, si macho

Vigae hivi wengi huviita marumaru, ingawa marumaru halisi ni jiwe lichimbwalo ardhini. Kigae cha dukani ni ndugu wa tofali letu la kuchoma: ni udongo uliokandamizwa, ukapakwa rangi na ngozi ya kioo, kisha ukachomwa tanuruni kwa joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi. Ngozi hiyo ndiyo ing'aayo, na ndiyo itelezayo inapopata maji, sabuni au mafuta. Kwa ukuta haina neno. Kwa sakafu ya jiko, hasa jiko ambalo watu huingia wakitoka shambani na kisimani, ni hatari.

Kwa hiyo swali la kwanza si rangi gani inapendeza, bali nani atakayekanyaga. Mchague kigae kwa kumfikiria aliye dhaifu kuliko wote katika nyumba: bibi mwenye fimbo, mtoto aanzaye kutembea, mama mjamzito abebaye sufuria. Dukani, omba kigae kimoja kiwekwe chini, kimwagiwe maji yenye sabuni, uvue viatu ukikanyage na kukizungusha mguu. Muuzaji akishangaa, mwache ashangae. Kigae cha sakafu ya jiko chafaa kiwe na uso uliofifia na mkwaruzo kidogo unaoshika unyayo, lakini mkwaruzo usiwe wa vishimo virefu, maana humo ndimo uchafu utakapojificha na kumchosha asuguaye.

Rangi nayo ina busara yake. Mahali penye udongo mwekundu, sakafu nyeupe humfanya mama kuwa mtumwa wa kitambaa. Rangi ya majivu au ya kahawia isiyokolea husitiri nyayo kati ya usafi wa asubuhi na wa jioni.

Jaribio la mawese

Mkoa wa Kigoma ni mkoa wa mawese, na kila apikaye kwa mawese ajua jinsi yanavyoshika. Chukua kigae cha mfano, kitie tone la mawese usoni, ukiache usiku kucha, kisha ukioshe kwa maji ya moto na sabuni. Ngozi nzima ya kioo itaachia mafuta. Ikibaki alama, ama ngozi ina nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, ama kigae hakina ngozi ya kutosha. Nyufa hizo waweza kuzifichua pia kwa kupaka maji yenye unga wa mkaa na kufuta. Penye ufa patabaki mstari mweusi kama unywele.

Hata hivyo, mara nyingi lawama si ya kigae bali ya maungio. Saruji nyeupe inayojazwa kati ya vigae hunyonya mafuta, na baada ya miezi michache jiko lote huwa na mistari ya rangi ya chungwa isiyotoka. Kwa sakafu ya jiko, na kwa ukuta ulio karibu na moto, mwambie fundi ajaze maungio kwa rangi ya kijivu au kahawia tangu mwanzo.

Kisha geuza kigae, utie tone la maji mgongoni. Tone likinywewa upesi kama kwenye tofali, kigae hicho ni chepesi na chenye vinyweleo. Kifunge ukutani, usikitie sakafuni. Tone likikaa muda mrefu, mwili wake umeshikamana. Viwango vya kimataifa huvitenga vigae kwa unywaji huu wa maji: vile vigumu kabisa hunywa nusu asilimia ya uzito wake au chini ya hapo, na vile vya ukutani huweza kupita asilimia 10. Juu ya boksi tazama pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS.

Kagua kila boksi

Siku hizi vigae vingi viuzwavyo kwetu hutengenezwa hapa hapa nchini, katika viwanda vya Mkoa wa Pwani, huko Mkuranga na Chalinze. Ni jambo la kujivunia. Lakini kutoka Pwani hadi Kibondo ni zaidi ya kilometa 1,000, na kigae kisafiricho hivyo huweza kufika na kona zilizomeguka. Usipokee mzigo kwa kuhesabu maboksi tu. Yafungue mbele ya aliyekuuzia au aliyeleta.

Gonga kigae kwa kifundo cha kidole: kizima hulia kama sahani, chenye ufa hulia kama kibuyu. Weka viwili uso kwa uso. Vikiyumba au vikionyesha mwanga katikati, vimepinda. Panga vinne sakafuni viwe mraba, kisha ukizungushe kimoja. Pande zisipolingana, maungio yatapotoka hata fundi awe hodari namna gani. Mwisho, soma namba ya mkupuo iliyopigwa mhuri ubavuni mwa boksi. Tanuru la leo na la wiki ijayo hazitoi weupe ule ule. Maboksi yote ya chumba kimoja na yawe na namba moja, na hata hivyo fundi achanganye vigae kutoka maboksi kadhaa anapopanga.

Hesabu isikutishe. Jiko la meta 3 kwa meta 2.4 lina eneo la meta za mraba 7.2. Kigae cha sentimeta 40 kwa 40 hufunika meta ya mraba 0.16, hivyo vyahitajika 45. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya kukata na kuvunjika, utapata 50. Kama boksi lina vigae 12, nunua matano, na vitakavyobaki uvihifadhi. Baada ya miaka mitatu hutavipata tena vya rangi hiyo.

Fundi na sakafu iliyo chini

Kigae hakitibu sakafu mbovu. Kikibandikwa juu ya saruji iliyopasuka au iliyo tupu ndani, kitapasuka nacho. Sakafu mpya ya saruji yafaa ipewe kama siku 28 ikauke na kukomaa. Kwanza fundi avipange vigae vikavu bila gundi, uone vipande vilivyokatwa vitaangukia wapi, na apime mteremko mdogo wa kupeleka maji mlangoni au kwenye tundu. Vigae vigumu visivyonywa maji havishiki vema kwa uji wa saruji peke yake. Vyataka gundi yake maalumu, iliyotandazwa mgongo mzima, si matone matano kama wafanyavyo wenye haraka. Visikanyagwe kabla ya siku moja kupita. Kabla hujamlipa fundi fedha za mwisho, tembea na sarafu ukigonga kila kigae. Pale utakaposikia sauti ya utupu, na abandike upya.

Kumbuka pia kuwa jiko la mkaa au mafiga hayawekwi moja kwa moja juu ya kigae. Joto la ghafla hukipasua. Jenga jukwaa la matofali. Kinu nacho kibaki nje, au penye sakafu ya saruji.

Na ikiwa mfuko hautoshi, hapana aibu. Sakafu ya saruji iliyopigwa niru vizuri, na safu tatu za vigae ukutani nyuma ya mahali pa kuoshea vyombo, ni jiko safi kabisa. Wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, watu walifundishwa usafi katika nyumba za udongo, na wakauweza.

Sisi tulilazimika kuibomoa sakafu ile nyeupe. Haikutoka hata robo ikiwa nzima, na gharama yake nililipa mara mbili. Boksi moja lililokuwa halijafunguliwa tulilitumia ukutani, ambako kung'aa kwake hakumdhuru mtu. Kwa vigae vya sakafu, safari hii sikuchagua mimi. Tulikwenda na mama katika duka moja pale Kibondo mjini. Akavua kandambili zake, akaomba maji, akayamwaga juu ya kigae cha kwanza, akakanyaga, akatikisa kichwa. Cha pili vile vile. Cha tatu, cha rangi ya majivu, alikikanyaga, akahamishia uzito wake wote juu ya mguu ule, akasimama kidogo. Kisha akaniangalia.

"Hiki, mwanangu," akasema. "Bei yake ikoje?"

Kilikuwa cha bei ya chini kuliko vile nilivyovituma kutoka Dar es Salaam. Magunia sasa yamerudi kazini kwake, yanabeba maharage.

Kwa hiyo, ndugu zangu mlio mbali na nyumbani, kabla hamjatuma vigae, tumeni kwanza nauli ya mmoja wenu aende, au mumwombe mwenye jiko aende dukani mwenyewe na miguu yake.