Diski mbili ndani ya boksi moja si bakapu

Nasema wazi, na anayetaka kununa anune: diski ya pili iliyofungwa ndani ya kompyuta yako si bakapu. Ni diski ya pili tu. Inakula umeme uleule na vumbi lileile, na siku boksi likiondoka nyumbani kwako, nayo inaondoka.

Naandika haya kwa sababu ugonjwa huu umeshafika huku kwetu Mandawa. Fundi anakuja, anafungua boksi, anachomeka diski aliyoitoa kwenye mashine mbovu, anaweka programu ya kunakili kila usiku. Kisha anapokea hela yake na kusema: "Mwalimu, sasa lala usingizi." Na mwalimu analala kweli!

Najua kuna ndugu zetu wa mjini watacheka wakisikia habari za kompyuta ya nyumbani Mandawa. Wacha wacheke. Kompyuta ya nyumbani huku ndiyo ofisi na ndiyo stoo ya makaratasi. Humo mna alama za wanafunzi, mna leja ya chama cha msingi inayoonyesha nani kaleta kilo ngapi za korosho na nani bado anadai. Mna picha za harusi, na sauti za wazee wa Kimwera wakisimulia mambo ambayo hayajaandikwa popote, na baadhi ya wazee hao wameshatangulia mbele ya haki. Mkulima akija kuuliza hela yake ya ufuta, jibu liko kwenye diski. Diski ikipotea, kinachobaki ni mabishano, na katika mabishano ya kijijini mnajua wenyewe nani huwa anashindwa.

Nimpe fundi haki yake. Diski ya kwanza ikichakaa na kufa peke yake, ile ya pili itakuokoa. Hapo sibishi. Lakini jamani, huku kwetu diski zinakufa peke yake tu? Mwizi akiingia usiku hakai kufungua skrubu achague diski moja, anabeba boksi zima. Mvua zetu za kusini, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, zinakuja na radi. Umeme unakatika, unarudi kwa kishindo, powasaplai inaungua, na diski zote mbili zinanyonya kutoka powasaplai hiyohiyo moja. Bado sijasema paa linalovuja.

Halafu kuna virusi. Mei 2017 WannaCry ilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai malipo ili yafunguliwe, hata hospitali za Uingereza zikakwama. Kirusi cha aina hiyo hakijali hii ni diski kuu na ile ni ya akiba, kinafunga chochote kompyuta inachokiona. Na hata bila kirusi: mtoto akifuta folda saa kumi jioni, programu iliyowekwa ifananishe diski mbili itaifuta na kule saa sita usiku, kwa utiifu kabisa. Hicho ni kioo. Ukijikata uso, kioo nacho kinakuonyesha damu.

Msidhani haya ni mambo ya vijijini. Septemba 20, 2020 jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere liliungua na nyaraka nyingi zikateketea. Machi 10, 2021 kituo cha seva cha OVH kule Strasbourg, Ufaransa, kilishika moto, na waliokuwa wameweka nakala zao palepale walipoteza vyote. Septemba 2025 ikawa zamu ya Korea Kusini, nchi inayotuuzia simu na televisheni: moto wa kituo cha data cha serikali mjini Daejeon uliteketeza hifadhi ya terabaiti 858 ya kazi za watumishi wa umma, na nakala ya nje haikuwapo. Wataalamu wazima!

Sasa linganisheni na mwaka 1998. Studio ya Pixar ilikuwa inatengeneza Toy Story 2, mtu akatoa amri isiyofaa na mafaili ya filamu yakaanza kufutika. Kugeukia bakapu za ofisini, kumbe hazifanyi kazi ipasavyo. Waliokolewa na mama mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa na mtoto mchanga na kwa hiyo alikuwa na nakala kwake ili afanyie kazi nyumbani. Ilisaidia kwa sababu ilikuwa nyumba nyingine.

Wasomi wa Dar watasema: weka kila kitu kwenye mtandao, yamekwisha. Kwa bando la nani? Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na nchi ikabaki kuhema. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Weka vitu vidogo huko kama unaweza, lakini usiniambie leja ya kijiji isubiri mpaka mtandao urudi.

Na dawa si ghali, diski unayo tayari. Mwambie fundi aitoe! Itie kwenye kava la nje lenye waya wa USB. Diski ndogo ya laputopu inatosheka na waya huo, ile kubwa ya inchi 3.5 inahitaji kava lenye adapta yake. Chomeka, nakili, chomoa. Kisha ipeleke kwa dada yako Ruangwa mjini, au kwa shemeji Nachingwea, na ukipata diski ya tatu ziwe zinapokezana. Ifunge kwa nywila, maana humo mna majina na hela za watu, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Na kabla hujamlipa fundi, mwambie achomeke hiyo diski kwenye kompyuta ya jirani, siyo yako, afungue leja ya msimu uliopita mbele ya macho yako. Akianza kukuna kichwa, usimpe hata mia.