Matanga Yakishaanuliwa

Msiba sisi tunaujua. Habari ikitoka asubuhi, kabla ya adhuhuri turubai limeshafungwa uani, viti vimeshateremshwa kwenye Kirikuu, mtu ameshakaa mlangoni na daftari la rambirambi, na kina mama wameshapanga mafiga nyuma ya nyumba. Hakuna anayealikwa kwa kadi. Wengine huenda kumzika jirani ambaye jina lake kamili walilisikia mara ya kwanza siku ile wasifu wake uliposomwa. Kwa hilo tujipongeze.

Halafu matanga yanaanuliwa. Turubai linashushwa. Kila mama anageuza masufuria kutafuta jina lake lililoandikwa kwa rangi kwenye kitako. Wageni wa mbali wanawahi basi la alfajiri. Jioni yake nyumba inabaki na watu wake, na mmoja wao hayupo.

Kuanzia jioni hiyo, sisi majirani huwa tupo wapi?

Siulizi kwa kulaumu. Kila mtu ana mbio zake, na siku tatu za kulala chini kwenye mkeka si haba. Ninachotaka tukifikirie pamoja ni kwamba mfiwa ana haja moja ambayo hatujazoea kumtimizia. Chakula tunampelekea. Pole tunampa. Mchango tunautoa. Ila tunasahau kwamba mtu huyu anahitaji pia kuhitajiwa.

Mwangalie mama aliyemuuguza mwanawe kwa muda mrefu. Alijua saa ya dawa, alijua uji wa namna gani unapita kooni, alijua ageuzweje asipate vidonda vya mgongo. Siku mgonjwa anapofariki, huzuni inamjia pamoja na jambo jingine tusiloliona: saa zote zile zimebaki tupu. Tunamwambia, "Mama, sasa pumzika." Apumzike vipi, na mikono bado inaamka saa kumi usiku kutafuta chupa ya dawa?

Mtaani kwetu alikuwepo fundi cherehani, mtu wa watu. Alipofariki, kibandani kwake vilibaki vitambaa vya wateja, kila kimoja kimekunjwa na kubanwa kwa pini kikaratasi cha vipimo: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Mjane wake hakuwa fundi. Alikuwa akimsaidia mumewe kupiga pasi na kufunga vifungo, basi. Wateja walipoanza kupita, wengi walichukua vitambaa vyao kwa adabu, wakatoa pole, wakaondoka. Walifanya vizuri, sina neno nao.

Lakini alikuja kijana mmoja, suruali yake ilikuwa imeshashonwa imebaki pindo tu. Akasema, "Shikamoo mama, pole sana. Naomba unikunjie pindo hili, kesho nina usaili." Mama akamwambia hawezi. Kijana akasema, "Jaribu tu mama, hata likipinda kidogo nitaivaa." Akakaa pale pale kwenye benchi kusubiri.

Pindo lilipinda kidogo. Aliivaa.

Wiki iliyofuata akaja mwingine na zipu ya begi la shule. Baadaye mama alimwomba fundi wa mtaa wa pili amfundishe kukata sketi za sare, akawa anakwenda kwake jioni. Leo kibanda kiko wazi. Mikoba na viraka ndiyo mkate wake, suti hagusi, na husema wazi kwamba hazitaki. Ukimuuliza alipata wapi nguvu ya kuanza upya, hatakupa hotuba. Atakuambia kuna mtu alikuja na suruali.

Ndiyo maana sina imani sana na ushauri wa kumwambia mfiwa "jitafutie kusudi jipya la maisha". Linatafutwa wapi, chini ya kitanda? Kwa nilivyoona mimi, kusudi mara nyingi linaanza pale mtu anapokuomba jambo dogo, ukalifanya vibaya, akarudi tena.

Haja hii ya kuhitajiwa anayo pia aliyeumia kwa namna nyingine. Wengi wetu tunaikumbuka tarehe 7 Agosti 1998, siku balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zilipolipuliwa. Dar es Salaam walikufa watu 11, Nairobi zaidi ya 200. Kule Nairobi walioumia macho walikuwa wengi mno, kwa sababu kabla ya mlipuko mkubwa ulisikika mshindo mdogo, watu maofisini wakasogea madirishani kutazama kuna nini, na vioo vikawakuta hapo. Miongoni mwa waliopoteza uwezo wa kuona siku ile ni Mkenya Douglas Sidialo. Mwaka 2005 alipanda Mlima Kilimanjaro hadi kileleni bila kuona. Tena aliendesha baiskeli ya viti viwili kutoka Cairo hadi Cape Town, mwenzake wa mbele akishika usukani na yeye nyuma akikanyaga.

Watu hupenda kuusimulia mlima. Mimi napenda zaidi ile baiskeli. Yule wa mbele hakumbeba Sidialo kama mzigo wa kuni. Alihitaji miguu yake. Bila yule wa nyuma kukanyaga, njia ya Afrika nzima haiishi. Je, sisi tuna nafasi ngapi za namna hiyo, za kumwambia aliyeumia, "Kaa hapa, nakuhitaji ukanyage"?

Hata mshairi Shaaban Robert, tunayemsoma tangu shuleni, alionja haya. Alifiwa na mkewe Amina, akaachiwa watoto. Alimlilia kwa shairi, kisha akaugeukia wajibu uliobaki mbele yake: akamtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, wakue na maneno ya mzazi mkononi. Vizazi vingi vimejifunza kutoka tenzi zile zilizotungwa kwa ajili ya watoto wawili.

Sasa, tusielewane vibaya. Simwambii mtu amharakishe mfiwa. Kwa Waislamu, mjane asiye na mimba hukaa eda miezi minne na siku kumi, na makabila yetu mengi yana taratibu zao za muda na za kumaliza msiba. Wazee walijua kwamba moyo una mwendo wake. Mtu akilia mwezi wa sita si kwamba imani yake ni ndogo. Na lile neno letu la "jikaze", hasa kwa wanaume, tulipunguze. Mgane aliyekaa na watoto wadogo anajikaza tangu alfajiri. Anachotaka ni mtu wa kumwonyesha jinsi ya kusuka nywele za binti yake kabla ya Jumatatu.

Na ukimwona mfiwa hali, halali, anazungumza habari ya kumfuata marehemu, hapo usimpe kazi wala mawaidha. Kaa naye, usimwache peke yake, mpeleke kituo cha afya. Moyo nao huugua, na wahudumu wa afya wapo kwa ajili hiyo pia.

Kuna jambo jingine ambalo ni kavu kidogo, lakini linakula usingizi wa watu: karatasi. Mtu atafikiriaje maisha mapya hali hajui kama nyumba anayolala itakuwa yake mwakani? Hapa Tanzania kinatakiwa cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa usajili, unatakiwa muhtasari wa kikao cha familia, kisha mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Si mambo magumu kwa mtu mwenye akili iliyotulia. Kwa aliyefiwa jana, hata kujaza jina la babu kwenye fomu ni mlima.

Wewe unayejua kuandika vizuri, huwezi kwenda kukaa naye saa mbili, mkaandika pamoja? Wewe mwenye bodaboda, huwezi kumpeleka mahakamani asubuhi moja? Na sisi mashemeji na mawifi, tuketi mapema, tuzungumze wazi na kwa upendo. Familia nyingi zina nia njema, mambo huharibika kwa kukaa kimya hadi mtu wa nje aanze kupima kiwanja. Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Mjane akiijua hii mapema, analima msimu huu hofu ya msimu ujao ikiwa imepungua.

Kazini je? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo anapofiwa na mwenzi, mzazi, mtoto au ndugu wa karibu. Zikiisha, anarudi ofisini, na sisi tunashusha sauti akipita. Tunamwondolea majukumu tukidhani tunamsaidia. Wiki moja ni msaada. Miezi mitatu ya kukaa mezani bila kazi ya maana inamwambia kwamba na yeye amekwisha.

Bosi, muulize mwenyewe: anataka kurudi kwenye zamu yake ya zamani, au anataka kitu kipya? Wapo ambao kiti kile kile kinawatonesha. Wapo ambao kinawashikilia wasianguke. Hutajua bila kuuliza. Na wewe mwenzake wa meza ya jirani, usiogope kulitaja jina la marehemu. Mfiwa hajasahau hata ukinyamaza.

Niseme sasa na wewe uliyefiwa, ambaye pengine umeshika maandishi haya huku wenzako wamelala.

Pole. Tena pole.

Najua nyumbani vitu vimebadilika hata kama hakuna aliyevigusa. Kuna kazi ambazo hukuzifanya kamwe kwa kuwa kulikuwa na mwenyewe. Mmoja hajui kununua umeme wa LUKU. Mwingine hajui kusonga ugali usio na madonge. Jifunze kimoja mwezi huu. Kimoja tu. Waombe wanao wakuonyeshe, nao watafurahi, maana wana huzuni yao na hawajui waiweke wapi.

Nguo za marehemu, ukiwa tayari, zigawe kwa mkono wako mwenyewe. Ukiwa hujawa tayari, ziache kabatini na usiruhusu mtu akusukume. Ukijikuta umecheka kwenye harusi ya mpwa wako, cheka. Hujamkosea aliyelala. Aliyekupenda hakukuombea uchungu wa kudumu.

Na mtu akija kukuomba kitu, hata kama unaona huwezi, mwambie nitajaribu. Kwaya inatafuta mshika hesabu. Madrasa inataka mtu wa kuwapikia watoto uji. Kikundi cha kufa na kuzikana kinahitaji mjumbe wa kuwatembelea wafiwa wapya, na hili hakuna aliyelisomea kuliko wewe. Hutawaambia watu maneno makubwa. Utakaa tu, na wao watajua umepita njia ile.

Basi, ndugu zangu, niwaombe jambo moja. Kwenye kila kikundi chetu kuna daftari lenye majina ya waliofiwa na kiasi tulichochanga. Wiki hii mwenyekiti alifungue, arudi nyuma hadi mwaka jana, na majina yale yagawanywe kwa wanachama, kila mmoja apewe nyumba moja ya kwenda.

Usiende na sukari peke yake. Nenda na ombi la kweli, la kitu unachokihitaji: akufundishe kupika yale maandazi yake, akushikie funguo za duka Jumamosi, akusomee barua, akae na mwanao akifanya hesabu za shule. Ombi la kujifanya atalijua mara moja, watu wazima hawadanganyiki.

Akikataa leo, usinune. Kunywa chai yake, aga vizuri, urudi mwezi ujao.