Shule Januari, Pamba Juni

Kila mwaka mpya unapoingia, redio hujaa wataalamu wa kubana matumizi. Mzazi anaambiwa aandike bajeti, agawe mshahara mafungu matatu, apunguze vocha na soda, kisha mwisho wa mwezi aweke kando asilimia kumi ya alichopata. Ushauri si mbaya, ila umetungwa kwa mtu ambaye mwisho wa mwezi unamletea kitu. Nyalikungu, mjini Maswa mkoani Simiyu, watu wa namna hiyo ni walimu, wauguzi, watumishi wa halmashauri na wengine wachache. Waliobaki, pamoja na mama lishe wa stendi, kijana wa bodaboda na muuza vitenge ambaye hajawahi kushika jembe, wanaishi kwa mwaka unaolipa mara moja: pamba inaponunuliwa.

Mwaka huo unakwenda hivi. Pamba hupandwa Novemba na Desemba mvua zikishika. Januari ni palizi, nayo palizi inataka vibarua, na vibarua wanataka fedha taslimu. Baada ya hapo kuna dawa ya funza wa vitumba, tena si mara moja. Msimu wa ununuzi hufunguliwa Mei, na hela huanza kuonekana mifukoni Juni na Julai. Shule, kwa upande wake, hufunguliwa Januari. Ndani ya mwezi huo mmoja mkulima analipa vibarua, chakula cha ndani kimeanza kupungua, na mtoto aliyechaguliwa kidato cha kwanza amekuja na karatasi yenye orodha: sare, viatu vyeusi, sweta, madaftari makubwa, mchango wa chakula. Mwambie mzazi huyo abane matumizi naye atakuuliza abane kipi, maana soda aliishaiacha tangu Oktoba.

Naona sehemu kubwa ya madeni ya wazazi wa huku imezaliwa na kalenda, si na ulaji. Bei ya pamba inaamuliwa mbali na Maswa na hatuna la kuifanya. Tarehe ambayo shule inadai mchango, au ambayo mkopeshaji anadai rejesho, imewekwa na watu, na watu wanaweza kuisogeza. Kabla ya kumhubiria mzazi nidhamu ya fedha, tuulizane kwanza kwa nini kila anayemdai amechagua kumdai katika mwezi ambao hana.

Haki itendeke kwa yaliyofanyika. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada kuanzia Januari 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita nao wakaingia. Watoto wengi wa Simiyu wako darasani leo kwa sababu hiyo. Lakini ada iliyofutwa kwa sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na jozi moja ya viatu vya shule vinavyofika Desemba inaweza kuzidi hapo. Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ulipofafanua nani afanye nini, sare, madaftari na chakula vilibaki kwa mzazi. Kilichoondolewa ndicho kilichokuwa chepesi. Mzigo uliobaki ni halali kabisa, hakuna anayesema serikali imnunulie kila mtoto soksi. Shida ni siku unapotuliwa kichwani.

Basi mzazi anakwenda kukopa, na kwa kuwa benki inataka hati na muda, anaishia kwenye chumba kimoja chenye meza, viti viwili vya plastiki na daftari la kaunta. Anaacha nakala ya kitambulisho cha NIDA, anataja vitu vya ndani kama dhamana (godoro, sabufa, baiskeli), mjumbe anasaini. Anachukua 100,000 na kutakiwa kurudisha 130,000 baada ya siku thelathini. Watu wameiita mikopo hii kausha damu, na jina limekaa hata bungeni.

Tufanye hesabu, kwa sababu ndipo kalenda inapoonyesha meno. Aliyekopa Januari hana chanzo kipya cha fedha mpaka Juni. Kila mwezi atajitahidi kulipa ile 30,000 ya riba ili godoro lisitoke nje, na mtaji wa 100,000 utabaki palepale. Miezi mitano baadaye amelipa 150,000 na bado anadaiwa 100,000. Kiwango cha juu cha riba ambacho Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho mtu huyohuyo angelipa riba ya 17,500 kwa miezi mitano. Tofauti ni 132,500, na hakuna familia itakayoipata tofauti hiyo kwa kupunguza sukari kwenye chai. Ukiniuliza matumizi gani ya nyumbani yabanwe kwanza, nitajibu riba.

Mikopo ya simu imeongeza kasi bila kubadilisha tabia. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Nyingi za aina hiyo zilijulikana kwa mchezo mmoja: ukichelewa, ujumbe wa kukuaibisha unatumwa kwa shemeji, kwa mwalimu wa mtoto, kwa kila jina lililomo kwenye simu yako. Kuzitaja hadharani kulisaidia. Ila yule wa chumba kimoja hana programu ya kufungia. Anajulikana mtaani, na baadhi ya wanaopaswa kumkagua ni wateja wake.

Hata mikopo yenye leseni na nia njema ina kasoro ya tarehe. Mtindo wa marejesho ya kila wiki, kina mama wakikaa kikundi na afisa mikopo akihesabu, ulipata umaarufu Bangladesh kupitia kazi ya Muhammad Yunus na benki ya Grameen, iliyompatia Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2006. Ulimfaa mtu mwenye kuku wa mayai au kimeza cha biashara, anayeona senti kila siku. Ulipohamishiwa kwa mkulima wa pamba ulihama mzimamzima, na wiki zake. Matokeo yake mkulima anakopa kwa ajili ya shamba kisha anauza kibarua, mbuzi na hata mahindi ya chakula ili kulipa wiki ambazo shamba halijatoa kitu. Wengi huchukua mkopo wa pili kulipa wa kwanza, na hapo ndipo watu husema fulani ameingia kwenye mzunguko.

Hayo mahindi ya chakula nataka niyazungumzie kidogo, kwa kuwa hayaandikwi kwenye daftari la madeni ya mtu yeyote. Tuchukulie gunia limeuzwa Julai kwa 50,000 kufunika deni, na Februari familia ikanunua gunia kama hilo kwa 90,000. Imelipa 40,000 ili kutumia 50,000 yake yenyewe kwa miezi saba. Kama angekuja mtu na mkopo wa masharti hayo tungemfukuza kijijini. Na mara nyingi halinunuliwi gunia, hununuliwa kilo mbilimbili dukani, pamoja na mafuta ya kupima ya shilingi mia tano na mkaa wa kopo, na kila kipimo kidogo kina faida ya muuzaji juu yake. Umaskini wa Februari ni ghali kuliko utajiri wa Julai.

Nchini Kenya jambo hili lilipimwa. Huko Bungoma wakulima wa mahindi walipewa mkopo wakati wa mavuno, wakati ambao kwa kawaida mtu angedhani hawauhitaji. Waliweza kuzuia mahindi ghalani na kuuza bei ilipopanda, wakabaki na kipato kikubwa kuliko wenzao. Huko Busia, Esther Duflo na wenzake waliwauzia wakulima mbolea ya msimu ujao mara tu baada ya kuvuna, kwa bei ya kawaida, ikiletwa nyumbani bure baadaye. Matumizi ya mbolea yakaongezeka. Hakuna aliyepewa semina ya nidhamu. Kilichofanyika ni kumfikia mkulima siku ambayo hela iko mkononi.

Sasa yupo msomaji aliyekwisha kunikatiza: mbona hao hao Julai wanacheza ngoma wiki nzima, wananunua pikipiki, wanaoa mke wa pili? Wapo. Nisingependa kuwaficha, na wake zao wanaoficha hela kwenye gunia la dengu wanawajua kuliko mimi. Lakini mambo mawili yachanganuliwe. La kwanza, ng'ombe anayenunuliwa Agosti si anasa, ndiyo akaunti ya akiba ya Usukumani, na kosa lake ni kwamba Januari hauzwi vipandevipande ili kupata 40,000 ya sare. La pili, uangalifu wa mtu una mwisho. Msimu wa 2019 ulifunguliwa kwa bei elekezi ya shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikaanguka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakabaki na stakabadhi badala ya fedha kwa miezi. Mwenye bajeti iliyoandikwa kwa wino mwekundu na asiye nayo walikaa foleni moja nje ya ofisi ya AMCOS, chama chao cha ushirika.

Ndani ya nyumba bado kuna yanayowezekana, na ningeyaweka karibu na Julai yote. Magunia ya chakula hadi mavuno mengine yatengwe kabla ya deni lolote kulipwa, hata la shemeji. Michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, havikuwa vyakula vya shida kwa bibi zetu. Vilikuwa njia ya kuukabili mwezi wa pili bila kwenda dukani, na kijana anayevicheka ndiye anayenunua unga wa kupima. Sare ishonwe Julai, fundi cherehani akiwa hana foleni na bei yake haijapanda. Mtoto atakua, kwa hiyo fundi aachie pindo la vidole vinne kwenye suruali na sketi. Madeni yapangwe kwa ukali wa riba, si kwa ukali wa mdai: anayekuja kupiga kelele mlangoni huenda ndiye anayedai kwa riba nafuu, na yule mpole wa simu ndiye anayekula mtaji. Kukopa VICOBA, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, ili kufuta kausha damu ni hatua ya maana. Kufanya kinyume chake ni kujichimbia.

VICOBA wenyewe wana la kurekebisha. Vikundi vingi huvunja kibubu na kugawana Desemba, tarehe ambayo kwenye karatasi inapendeza kwa mahitaji ya shule ya Januari, ila kati ya mgao na shule kuna Krismasi, mwaka mpya na ndugu kutoka Mwanza. Kikundi kinachoweza kuamua faini ya kuchelewa kikao kinaweza pia kuamua kwamba sehemu ya mgao itoke kama madaftari na viatu vilivyonunuliwa kwa jumla.

Kwa watumishi nitasema machache. Utaratibu wa kumwachia mtumishi angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato upo na unasaidia. Unavuja pale mwalimu anapomwachia mkopeshaji wa mtaani kadi ya benki na namba ya siri, kwa sababu deni hilo halionekani kwenye hati ya mshahara. Kima cha chini cha serikali kilipanda Julai 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000. Nyongeza hiyo inaweza kufuta madeni, au ikawa kigezo cha kukopeshwa zaidi.

Nikirudi kwa wenye uwezo wa kusogeza tarehe, halmashauri ndiyo ya kwanza. Mwaka wake wa fedha unaanza 1 Julai. Ushuru wake wa pamba inaukusanya pamba inapopimwa, wala haingoji Januari kumdai mkulima. Kumbe inaijua vizuri kalenda ya shamba inapokuwa yenyewe ndiyo inayodai. Mikopo yake isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa 2024. Vikundi vya wakulima ndani ya mpango huo vipangiwe marejesho ya baada ya mauzo, si ya kila mwezi kama vile wote wanauza chapati. Na chakula cha shule kimeshatuonyesha njia: mzazi anapoambiwa alete debe la mahindi baada ya mavuno, debe linaletwa, lakini anapoambiwa alete thamani yake kwa fedha Februari, mtoto anarudishwa nyumbani.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la kidato cha kwanza. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba, uchaguzi wa shule hutangazwa Desemba, na mzazi hajui mtoto atapangiwa wapi mpaka wiki chache kabla ya kufunguliwa. Mtu hawezi kushona Julai sare ya shule asiyoijua. Jibu ni wilaya kuwa na orodha moja ya mahitaji kwa sekondari zake zote za kutwa, rangi moja ya sketi na suruali, shule zikitofautiana kwa nembo au tai tu, na orodha hiyo ibandikwe Juni kwenye kila ghala la AMCOS, pale pembeni ya mizani. Wakuu wa shule wenye maduka ya sare ya ndugu zao hawataipenda, na mkurugenzi atakayeisaini ajiandae kupigiwa simu.