Pikipiki Iliyolala Haiamshwi kwa Teke

Mgodi wa shaba na dhahabu wa Macalder, ulio katika sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Migori, ulifungwa mwaka wa 1966. Wafanyakazi walitawanyika, na vyombo vya zama zile vikabaki mabandani. Basi yawezekana hata leo mtu wa huko akaachiwa na babaye pikipiki ya Kiingereza, BSA Bantam kwa mfano, ambayo kuku wamekwisha kuifanya kitanda chao. Mnunuzi wa vyuma chakavu atampa bei ya mizani. Akikubali, asitazamie kupata nyingine mpya, kwani Bantam ya mwisho iliundwa Birmingham mwaka wa 1971.

Akikataa kuiuza, kosa la kwanza la warithi wengi ni kutia petroli na kuipiga kiki siku hiyo hiyo. Pistoni iliyokaa miaka mingi bila kusogea hushikwa na kutu ndani ya silinda, na teke la nguvu laweza kuvunja ringi zake. Yafaa aifungue plagi, amimine ndani oili nyepesi iliyochanganywa na mafuta ya taa, aiache siku kadhaa, kisha aizungushe injini polepole kwa mkono. Spana pia ziangaliwe. Nati za Kiingereza za zamani hazikupimwa kwa milimita, na spana ya bodaboda itazila pembe mpaka zisifunguke tena.

Tangi lisafishwe kutu kwa changarawe na mafuta ya taa, kabureta ioshwe, na pointi za magineto zisuguliwe taratibu mpaka cheche itoke ya buluu. Hapo huenda injini ikanguruma, na majirani wakapiga makofi.

Lakini kunguruma si kwenda vizuri, na ndipo wengi huiua mashine yao. Injini ya Bantam ni ya mapigo mawili. Petroli na hewa hupita kwanza katika chumba kilicho chini ya pistoni, ndipo hupanda juu kuwaka; kwa hiyo chumba hicho lazima kizibwe kabisa. Kinachokiziba ni sili za mpira kandokando ya kranki, nazo hukauka na kuwa ngumu kama ganda la muhogo. Sili ya upande wa magineto ikivuja, injini huvuta hewa ya ziada, hupata joto kupita kiasi, na pistoni hukwama njiani. Ya upande wa klachi ikivuja, injini hunywa oili isiyo yake na kutoa moshi mzito. Sili mpya ni kitu kidogo kwa bei, ila kuzitia kwataka fundi mwenye subira, na huko Macalder mafundi wanaotengeneza injini za vinu vya kusagia mawe ya dhahabu hawakosi subira.

Jambo jingine husahauliwa na vijana waliozoea bodaboda. Injini hii haina oili yake ya chini. Hulainishwa na oili iliyochanganywa katika petroli, yapata mililita 40 kwa kila lita. Petroli tupu itaiua kabla ya safari kuwa ndefu. Matairi nayo yasinunuliwe kwa kukisia: Bantam za kwanza zilikuwa na magurudumu ya inchi 19, na bodaboda nyingi za leo ni za inchi 17 au 18.

Siku ya kujaribu, mwenye pikipiki aende maili mbili tatu katika barabara ya vumbi, bila haraka. Kisha azime injini, aisubiri ipoe, aifungue plagi na kuitazama ncha yake. Ikiwa na rangi ya kahawia, na aendelee. Ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa ingali inapenya mahali, na asirudi nyumbani akiiendesha, aisukume.